Jumapili tunaimba, Jumatatu tunawaza kama nani?

Mwalimu wa Himbi

Salamu wana Goma, na ninyi wa Bukavu na kwingineko mnaopita hapa. Nina jambo linanikera. Nalileta tulijadili taratibu, bila kurushiana mistari ya Biblia.

Tuanze na mfano. Uko soko la Virunga, saa kumi na mbili jioni, giza linaingia na umeme hakuna. Mkononi una dola ishirini yenye mpasuko pembeni, mdogo kiasi kwamba jicho halioni. Kila mtu wa hapa anajua kitakachotokea asubuhi: kambisti, yule mbadilisha pesa, ataiinua kwenye jua, atapitisha kidole gumba pembezoni, kisha atakurudishia bila neno au atakupa bei ya kukutukana. Uliipata kwa mtu aliyekuwa na haraka. Sasa mbele yako kuna mama mzee anafunga meza, macho yake si mazuri. Utafanya nini, hilo ni lako na Mungu wako. Mimi nataka kujua wazo la kwanza lililokuja kichwani lilikuwa lipi.

Maana hapo ndipo shida yetu ilipo. Makanisa tunayo mpaka vichochoroni. CBCA ina makao yake makuu hapa hapa, CEPAC iko kila mtaa, Wakatoliki wana jumuiya zao ndogo, makanisa ya uamsho usiyahesabu. Mkesha Ijumaa, kwaya Jumamosi, ibada ndefu Jumapili. Ikifika Jumatatu wazo la kwanza bado ni la Artikeli 15, ile ya utani inayosema "jitafutie mwenyewe": nipite wapi? (Katiba yetu ya 2006 ina kifungu cha 15 kweli, na kinataka serikali ikomeshe ukatili wa kingono. Hicho hakuna anayekitania, wala anayekikumbuka.)

Simlaumu mtu. Kichwa cha mtu wa Goma kimefunzwa na mambo mazito: lava ya 2002, lava ya 2021, vita tangu tukiwa wadogo, kuhama usiku na godoro kichwani. Aliyepitia hayo hujifunza kuwaza upesi na kuwaza peke yake. Akili hiyo imetuokoa. Lakini tumeihamishia mpaka mahali ambapo hakuna anayetufukuza: kwenye kopo la unga, kwenye chenji, kwenye meza ya ofisi. Tena tunamwomba Mungu aibariki. "Bwana amenifungulia mlango!" Kumbe mlango wenyewe umefunguliwa kwa matabisi, yaani hongo.

Paulo aliwaambia Warumi (12:2) wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao. Mimi naamini nia hufanywa upya kwa vitu vidogo vinavyorudiwa mpaka mkono unazoea, ili siku kubwa ikifika usiwe ndiyo kwanza unaanza kujifunza.

Ndiyo maana namleta Floribert Bwana Chui. Wengine mmeanza kumjua kwa picha, tangu alipotangazwa mwenye heri kule Roma tarehe 15 Juni 2025. Ni mtoto wa hapa, amezaliwa 1981. Alikuwa kazini OCC, ofisi inayokagua bidhaa. Ukaja mzigo wa chakula kilichoharibika, akaahidiwa pesa ili upite, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akauawa akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana kule Kinshasa mwaka 2023.

Watu wanapenda kusimulia kifo chake. Mimi nabaki kwenye hesabu aliyoipiga kabla, kama rafiki zake wanavyoieleza: pesa hizi zitaisha haraka, lakini watakaokula chakula hiki watakuwaje? Tazameni anaanzia wapi. Haanzi na "nikikamatwa je", haanzi hata na "Mungu ataniadhibu". Anaanza na mtu atakayekula, mtu asiyemjua, labda wa Birere, labda wa Mugunga. Na hilo halikumdondokea siku hiyo. Alikuwa kwenye jumuiya ya Sant'Egidio, anashinda na maibobo, watoto wa mitaani, anawafundisha. Ukizoea kukaa na mtoto anayeokota chakula, gunia la mchele mbovu huwezi kuliona kuwa makaratasi tu.

Sasa swali langu: wazo la kwanza linafunzwa vipi? Karibuni.

Motari wa Ndosho

Mwalimu, heshima. Mi nasema vile iko. Kuwaza kikristo ni muzuri kama tumbo imeshiba. Naamuka saa kumi na moja, tayari nadaiwa pesa ya mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba batu, nimebeba batu ao sikubeba. Njiani kuko bariere. Unatoa kidogo, unapita. Hautoe, moto inalala pale. Sasa niwaze mutu wa mbali mwenye sijui? Watoto yangu njo beko karibu.

Floribert ni mwenye heri. Mi niko motari.

Mama Unga

Mwanangu motari, Floribert naye alikuwa anaamka asubuhi anavaa viatu anakwenda kazini, ana wakubwa juu yake. Picha ya ukutani imekuja baadaye sana. Usimsogeze mbali ili upate nafasi ya kupumua.

Mimi nauza unga wa mihogo na maharagi. Mwalimu amesema "kopo la unga" halafu akapita mbio, kwa sababu hauzi. Ngoja niwaonyeshe. Unachukua kopo la maziwa ya unga, unalilaza kichwa chini, unaligonga kitako kwa jiwe la lava mpaka kiingie ndani, kina cha kidole tu. Ukilisimamisha huoni kitu. Mteja anaona limejaa, limetoka mpaka mlima, na juu ya mlima unamwongezea konzi la bure. "Asante mama, Mungu akubariki." Anaondoka anacheka, na chini amekosa kuliko ulichomwongezea juu. Kwenye gunia moja, kitako hicho kinamlipa muuzaji ushuru wa siku na kinabakiza.

Kopo langu halijagongwa. Sisemi hili ili mnisifu, nasema kwa sababu lina gharama ambayo wahubiri hawaijui. Jirani yangu anataja bei ya chini kuliko mimi, kopo lake linaonekana sawa na langu, basi mteja ananiona mimi ndiye mwizi! Mtu mkweli sokoni anaonekana ana bei kali. Nimekaa na hilo muda mrefu. Sasa kopo nimeliweka kichwa chini mbele ya meza, kitako juu, na nikiona mama anasita namwambia: pitisha kidole hapa, kisha kapitishe kule. Simtaji mtu.

Kumbukumbu la Torati 25 imeandika wazi, usiwe na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Pasta wetu anahubiri zaka, anahubiri ndoa, anahubiri wachawi. Kopo hajaligusa hata siku moja, na mkewe ananunua kwangu.

Mwalimu wa Himbi

Mama Unga, shikamoo. Hilo la bei kali limenifunga mdomo.

Motari mdogo wangu, swali lako ni la haki, na limeulizwa zamani. Luka 3: watoza ushuru walimwendea Yohana pale Yordani, "tufanye nini sisi?" Labda walitegemea awaambie waache kazi. Hakuwaambia. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari nao wakauliza, akawajibu wasimdhulumu mtu, watoshewe na mshahara wao. Alimpa kila mtu neno la mahali pake pa kazi.

Kwenye bariere wewe huna nguvu. Anayenyang'anywa na anayenyang'anya hawako kwenye dhambi moja, usijibebeshe ya mwenzio. Lakini siku nzima huwezi kuwa mnyonge tu. Saa tatu ya usiku, mvua, mama amebeba mtoto mwenye homa anataka hospitali, na moto iliyobaki kituoni ni yako peke yako. Hapo bei anaipanga nani? Mimi nadhani mtu atafute kwanza saa ambayo nguvu iko mkononi mwake. Kuwaza kikristo kuanzie hapo.

Motari wa Ndosho

Hapo umenipata kidogo. Kidogo tu.

Mwana Kadutu (Bukavu)

Nachangia kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Mmeongea pesa tu, na pesa ndiyo nyepesi. Mtihani wa kichwa cha kikristo kwetu Kivu ni hofu. Mtoto anaumwa tumbo, kabla hajapimwa nyumba nzima imeshasema: karuho, amelishwa sumu. Kabla ya jioni jina la shangazi limetajwa. Tunamkiri Kristo mfufuka, lakini ukitaka kujua tunaamini nini kweli, sikiliza neno la kwanza mtoto akiharisha.

Daktari Mukwege amesimulia mara nyingi hadharani kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake, mchungaji wa Kipentekoste, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Akamuuliza baba: kwa nini unaomba tu, humpi dawa? Baba akamjibu yeye si daktari. Mtoto akaamua pale kwamba atakuwa mtu wa kutoa dawa. Mwaka 1999 hospitali yake ya Panzi ikafunguliwa hapa Bukavu, 2018 akapewa Nobel ya amani, na yeye pia ni mchungaji. Mimi naona baba aliendelea kuomba na mwana akaongeza dawa, na wote wawili walikuwa wanawaza kikristo. Mbona sisi tunawagombanisha?

Mwombezi 24

Ndugu wa Kadutu, taratibu. Sumu iko. Nimezika watu. Usituambie kila kitu ni vidudu vya maji kwa kuwa umesoma. Biblia inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, ni juu ya falme na mamlaka. Ukiondoa vita vya kiroho unabakiza ukristo wa ofisini.

Mtu wa Klori

Mwombezi, mimi nimekaa ufukweni Kituku kwenye kazi ya kutia klori. Wanakuja alfajiri na mabidoni ya njano, wanateka ziwani, wanapanga foleni. Unavuta dawa kwenye bomba la sindano, unaidondosha ndani ya bidoni, unamwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Ni kazi ya dakika. Sasa kuna wanaozunguka nyuma yetu ili wasitiliwe. Harufu, wanasema, na nani anajua mnatia nini. Baada ya siku chache unakutana na mmoja wao kwenye kituo cha kipindupindu ameshika mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani. Nje ya uzio ndugu wanajadili ni nani aliyemlisha.

Sisemi sumu haipo duniani. Nasema yule shangazi alishahukumiwa na bidoni halikuulizwa. Na Waefeso 6 uliyoitaja inasema adui si damu na nyama. Shangazi ni damu na nyama.

Mwombezi 24

Neno hilo la mwisho nalipokea. Nitalirudisha kwenye kikundi chetu cha maombi, maana majina yanatajwa sana, na yakitajwa hayafutiki. Lakini usiku wa maombi hatutauacha.

Mtu wa Klori

Nani kasema muuache? Ombeni usiku, asubuhi mje na mabidoni.

Msomi wa Katindo

Nawasoma kwa raha, ila niwachokoze. Kopo zima, chenji kamili, bei ya haki kwa mgonjwa: jirani yangu Birere ni Mwislamu, anafanya yote hayo kuliko mashemasi wa kanisani kwetu. Mjomba wangu haendi popote Jumapili na hajawahi kula cha mtu. Sasa "kikristo" hapo ni nini? Mngesema "kuwaza kama binadamu mwema" mngekosa nini?

Mwana Kadutu (Bukavu)

Swali zuri, na jirani yako msalimie. Kwenye kopo sioni tofauti, wala sioni aibu kukosa tofauti. Mungu hakutupatia sisi peke yetu mizani.

Tofauti naitafuta kwa adui. Huku kwetu tulikuwa na Askofu Mkuu Munzihirwa, Mjesuiti. Kipindi cha wakimbizi kutoka Rwanda, alipaza sauti akiwatetea kama watu, wakati ambapo kuwatetea hakukumpa mtu rafiki hata mmoja. Aliuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Akili ya kawaida ya wema inasema: tendea wema wako, na mgeni usimdhuru. Akili aliyokuwa nayo yule mzee ilikwenda zaidi ya hapo, na sijui mahali pengine pa kuitoa isipokuwa kwa yule aliyewaombea waliomsulubisha.

Sasa rudi kwetu leo. Mtu anapanda taksi, bado hajasema neno, tumeshasoma pua yake na kumpa kabila, na kabila limeshampa hatia. Hiyo ndiyo dola yetu iliyochanika, kila mtu anampitishia mwenzake gizani. Wazo la kwanza hapo ndilo gumu kuliko yote na sijaona kanisa linalolifundisha kwa uzito linaofundisha sadaka.

Mama Unga

Amina. Na wapo wanaokataa kununua kwa mtu kwa sababu ya jina lake. Nimewaona wakiruka meza.

Msomi wa Katindo

Jibu la adui nimelielewa. La kabila limeniuma, kwa hiyo nalo nimelielewa.

Mwalimu wa Himbi

Nirudi kwenye "linafunzwa vipi", maana tumeonyeshana ugonjwa vizuri sana na dawa imekuja kidogo. Mwana Kadutu, wewe si umesoma kwa Wajesuiti?

Mwana Kadutu (Bukavu)

Ndiyo, kwenye shule yao ya Alfajiri hapa Bukavu. Walitufundisha jambo moja la jioni, limetoka kwa Ignasi mwenyewe, karne ya 16. Unakaa robo saa, simu mbali. Unashukuru kwanza, kwa vitu vyenye majina: chai, mvua iliyokosa paa lako, mteja aliyelipa deni. Kisha unaipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka. Wengi wakifanya hivi wanahesabu makosa, wanalala na huzuni, baada ya wiki wanaacha. Padri mmoja alituambia tusihesabu, tuangalie. Angalia ni wapi moyo ulikaza, wapi ulilegea. Pale mama fulani alipoingia dukani, nilikaza kwa nini? Ni deni lake, au ni lugha yake? Unaomba msamaha panapohitajika, unachagua saa moja ya kesho unayojua itakuwa ngumu, unaizungumza na Bwana kabla haijafika. Basi, unalala.

Hiyo saa moja ya kesho ndiyo naona ina nguvu. Wazo la kwanza halibadiliki kwa kulikemea likiwa limeshafika. Unalitangulia.

Mwombezi 24

Hii hata sisi wa uamsho tunaweza. Ila robo saa kimya kwetu itaonekana kama tumelala.

Mwalimu wa Himbi

Mimi nyumbani nimeongeza swali moja mezani, jioni watoto wanapokula sombe: leo nani aliumia ukiwepo? Sikuwauliza nani aliwaumiza, hilo wanalijua na watakwambia mpaka usiku wa manane. Mwanzoni walinitolea majibu ya katekisimu. Siku hizi yule mdogo anataja watoto wenzake kwa majina, na mengine nisingependa kuyasikia, kwa kuwa yanamhusu mwalimu mwenzangu.

Wa Kibanda

Nimesoma yote tangu jana, sasa niulize bila kuzunguka. Niko na kibanda cha pesa ya simu, Majengo. Tangu mabenki yafunge Januari 2025 batu bote banakuja kwetu, na pesa ya kushika mkononi ikaanza kukosekana. Mutu anatumiwa na ndugu yake wa Ulaya, anataka dola. Mimi pia hizo dola nazinunua, sizichapishe. Basi tunakata juu ya kile kampuni inaruhusu. Kila kibanda kinakata. Siku pesa ni chache, tunakata zaidi. Nisipokata, nafunga. Nikikata, ninamkata mama wa kulipa hospitali. Luka 3 inasema nisitoze zaidi ya kile kimeamriwa. Nifunge kibanda?

Msomi wa Katindo

Kiuchumi, pesa ikiwa adimu bei yake inapanda, hilo si dhambi lenyewe. Gharama yako ya kuzipata dola ni gharama halali.

Mwalimu wa Himbi

Nakubaliana na Msomi nusu. Gharama yake kweli alipwe, na cha kula pia. Ila ndugu wa kibanda, ulisema siku pesa ni chache mnakata "zaidi". Zaidi kwa sababu siku hiyo wewe umezinunua ghali, au zaidi kwa sababu siku hiyo mteja hana pa kwenda? Jibu unalo wewe, mimi siwezi kuliona kutoka Himbi.

Wa Kibanda

Siku zingine ya kwanza. Siku zingine ya pili.

Mama Unga

Baba, usifunge. Ukifunga wewe unayeuliza, watabaki wasiouliza. Fanya hesabu yako usiku ukiwa umetulia: dola umezipata kwa ngapi, kodi ya kibanda, cha watoto. Ukipata makato yako, yaandike kwa chaki mlangoni asubuhi kabla mteja wa kwanza hajafika. Bei iliyoandikwa ni moja kwa wote, haimwangalii mtu usoni wala haisikilizi jina lake. Anayekuja analia na anayekuja na gari kubwa wanasoma ubao mmoja.

Wa Kibanda

Wenzangu ba pale kando watanikasirikia, mama.

Mama Unga

Watakasirika. Mimi wa pembeni yangu hajanisalimia tangu kopo lilipogeuzwa kichwa chini.

Motari wa Ndosho

Kibanda iko wapi hapo Majengo? Mi nabeba batu ba kutoa pesa kila siku, banauliza wapi hawakate sana. Kama umeandika kwa chaki nitabaleta kwako.

Wa Kibanda

Nitakuandikia pembeni, si hapa. Mama, swali la mwisho: na yule wa hospitali, mwenye ubao hata ukiwa wa haki bado inamushinda?

Mama Unga

Huyo mwachie makato yako, dola zako zirudi tu kama ulivyozinunua. Usimtangazie, na usimpige picha ya ushuhuda. Wa namna hiyo hawaji kila siku, na wanaojifanya utawajua baada ya mwezi.